Mwaka Nilioitwa Mtu wa Mshahara

Simu ilinikuta dukani nikibishana kuhusu bei ya unga. Sikutarajia kushinda. Mtu wa umri wangu hubishana na bei kwa mazoea tu, na muuza duka, kijana mwenye adabu zake, huniacha niseme mpaka nichoke kisha anipe unga kwa bei ileile. Namba sikuijua. Sauti ya mwanamume mzima ikasema, "Shikamoo. Nyanya aliacha amesema akienda nipigie hii namba iliyoandikwa Vitunguu. Samahani, naongea na nani?" Nikamwambia ni mwalimu Mkawasi. "Yule mwalimu?" akauliza. Nikamjibu, yule yule. Ndipo akajitambulisha kuwa ni Mwakio, mjukuu wa Mama Wakesho, akasema kwamba nyanya yake ametuacha. Niliurudisha unga kwenye rafu nikakaa juu ya kreti ya soda. Mara ya mwisho nilipomshika Mwakio mikononi alikuwa na miaka mitatu, na mguu wake ukibonyezwa, kidole kiliacha shimo.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne, ule ambao mpaka leo watu wa rika langu huuita mwaka wa mahindi ya manjano. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimeteremshwa kutoka milimani, upande wa Wundanyi, nikafundishe shule ya msingi katika kijiji kimoja kilichoingia ndani kutoka barabara ya Taveta, ukishapita Mraru. Sikuwa nimesomea ualimu. Nilikuwa na kidato cha nne, sketi mbili, na barua ya kuajiriwa ambayo nilidhani inatosha kuishi nayo. Mwalimu mkuu alinipeleka kwa Mama Wakesho kwa sababu ni mjane, nyumba yake ni safi, na alikuwa na chumba. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la ubao lisilofunga vizuri, na harufu ya majani ya kunde yaliyokaushwa, maana huko ndiko alikoyaweka kwenye vyungu na magunia. Mpaka sasa nikinusa majani ya kunde nasikia usingizi. Binti yake Wakesho alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi za nyumbani, akamwachia watoto wawili: Saru, aliyekuwa na miaka sita na ulimi mkali, na huyo Mwakio.

Jiko lilikuwa nje, kibanda cha miti na mabati mawili matatu, na ndani yake kulikuwa na sheria moja. Kifuniko cha sufuria hufunuliwa na mwenye nyumba peke yake. Jioni yangu ya kwanza nilinyoosha mkono nimsaidie kuangalia kama mihogo imeiva, akaushika mkono wangu, akaurudisha mapajani mwangu taratibu. "Hapa hatuchungulii," aliniambia. "Ukichungulia utaanza kugawa kwa macho." Nilicheka. Nilikuwa mtoto wa shamba lenye mvua, sikujua kugawa kwa macho ni nini. Baada ya miezi michache nilijua. Tulikaa wanne kuzunguka sufuria iliyofunikwa, tukiongea mambo ya shule, ya tembo waliotoka upande wa Kasigau wakamaliza shamba la mtu, na hakuna aliyetazama kifuniko. Hata Mwakio alikuwa amefundishwa. Mama Wakesho alipofunua, alifunua upande wake, mvuke ukamfunika uso, na sisi tukaona tu kilichokuja kwenye sahani. Sasa najua kwamba hakutaka tuone kilichobaki, kwa sababu hakikuwa kinabaki kitu.

Mvua za kwanza hazikunyesha. Kunde zikakauka zikiwa na maua. Duka likapandisha unga, kisha likapandisha tena, kisha likawa halina unga wa kupandisha. Na mshahara wangu haukuja. Kila mwisho wa mwezi nilienda Voi na walimu wengine, nao walipokea chao, mimi nikaambiwa majina mapya bado yako Nairobi. Nilikuwa nimekopa imani ya watu wote niliowajua. Mama Wakesho hakunidai kodi hata siku moja, na hilo lilinichosha kuliko kudaiwa. Nilikula chakula chake nikijitahidi kutafuna polepole, nikijua kwamba kila tonge linalopita kooni mwangu lina mtoto nyuma yake. Nywele za Mwakio zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu, nyepesi, za mtu mzee. Alikuwa ameacha kulia. Nesi wa zahanati alimbonyeza mguu, akatazama lile shimo, akatuambia kwa upole kwamba huyu hahitaji dawa, anahitaji kula, na asipokula tusimlaumu mtu.

Kwa hiyo lori la msaada lilipofika, sisi tulikuwa na sababu ya kukaa mbele. Baraza lilifanyika nje ya ghala la ushirika. Subchifu, mtu mpole aliyekuwa ametumwa na watu wasio wapole, alieleza kwamba serikali haiwezi kulisha kila mdomo. Mahindi yale yalikuwa ya nyumba ambazo hazina mtu wa mshahara. Namna ya kuamua ilikuwa hadharani, ndiyo desturi yetu, ili asionewe mtu. Mwenye nyumba alisimama, subchifu akauliza umati, "Huyu ana mtu wa mshahara?" na umati ukajibu. Wengi walijibiwa "Hana!" kwa sauti moja, wakakaa wakitabasamu. Mama Wakesho aliposimama palikuwa na kimya kidogo, cha watu wanaompenda. Kisha sauti moja nyuma ikasema, "Ana mwalimu." Haikuwa sauti mbaya. Ilisema kweli.

Subchifu alinigeukia. "Mwalimu, wewe umeajiriwa na serikali?"

"Nimeajiriwa, mzee, lakini tangu nije sijalipwa."

"Sijauliza kulipwa. Nimeuliza umeajiriwa?"

"Nimeajiriwa."

"Basi," akasema, na nadhani alisikitika kweli. "Mama, wewe keti. Uko na mtu wa mshahara."

Watu wengine walicheka, si kwa ubaya, ni kwa sababu ya sura yangu. Serikali ilikuwa imeutambua mshahara wangu kabla mimi sijauona. Tulirudi nyumbani bila mahindi, Saru ameshika pindo la leso ya nyanya yake. Mlangoni Saru aliuliza, "Nyanya, mshahara unaliwaje?" Mama Wakesho alimwambia akachote maji.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa mferejini na ndoo yangu. Palikuwa na foleni, maana maji yalifunguliwa asubuhi tu, na karibu nusu ya kijiji ilikuwa pale, pamoja na Mzee Righa, mzee wa kijiji, ambaye ndiye aliyempelekea subchifu habari za kila nyumba. Nikamwona Mama Wakesho anakuja bila ndoo. Kichwani hana kitambaa. Alianza kupiga kelele kabla hajanifikia. "Umefunua sufuria yangu! Watoto wa watu hawajala, wewe mtu wa mshahara umefunua sufuria yangu! Kwani kwenu mlifundishwa nini? Nimekulaza bure, nimekulisha bure, unafunua sufuria nikienda shambani! Toka kwangu! Leo, toka!" Nilisimama na ndoo yangu imejaa, maji yakimwagika miguuni. Nilisema, "Mama, mimi?" Akasema, "Wewe! Usiniite mama!" Wanawake wakashika vinywa. Katika mwaka wa njaa hapakuwa na neno chafu kuliko lile. Afadhali angeniita mwizi wa kuku.

Alirudi nyumbani mbio, na nilipofika nilikuta godoro langu liko nje, sketi zangu ziko juu ya ua, na bakuli langu la bluu halionekani. Saru alikuwa amesimama mlangoni amembeba Mwakio mgongoni, akanitazama kwa macho ya mtoto ambaye mwishowe ameambiwa kwa nini ana njaa. Hayo macho nimeyabeba maisha yangu yote. Nilikusanya vitu vyangu. Mwalimu mkuu alinipa stoo ya shule, kati ya majembe na madawati yaliyovunjika, na nikalia humo mpaka Jumatatu, nilipoona aibu, kwa sababu ukuta wake mmoja ulikuwa wa darasa la tatu.

Kulikuwa na jambo moja lililonisumbua, na kama ningekuwa na akili za sasa lingenieleza yote. Mimi na Mama Wakesho hatukuwahi kuongea Kiswahili. Sote ni Wadawida. Tulisalimiana Kidawida, tukala Kidawida, akanikanya Kidawida nilipochelewa kurudi. Siku ile mferejini alinigombeza kwa Kiswahili kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, Kiswahili chake kilekile cha kuvunjika, ili hata Wakamba waliohamia juzi wasikose kitu. Mimi nilidhani ni hasira.

Mzee Righa alikuja shuleni wiki ile. Hakuja kwangu. Alimwita Saru pembeni ya uwanja, karibu na dirisha la stoo, akachuchumaa. "Mwalimu wenu analala wapi siku hizi?" Saru akasema, "Nyanya amemfukuza. Alikuwa anakula chakula chetu." "Kweli?" "Kweli. Tulikuwa tunalala njaa." Mzee alimpapasa kichwa akaondoka. Mimi nilikuwa ndani ya stoo, nikasikia kila neno. Kwenye ugawaji uliofuata, subchifu alimwita Mama Wakesho, akauliza umati swali lake, na umati mzima ukajibu "Hana!" kwa nguvu, hata waliokuwa wakinisikitikia. Nilisikia kelele hizo nikiwa darasani nafundisha kutoa kwa kukopa.

Jioni hiyo Mama Wakesho alipita nyuma ya stoo na mzigo wa kuni kichwani, kama mwanamke yeyote anayetoka porini. Akautua, akatazama huku na huku, akaingiza mkono katikati ya kuni na kutoa kitu kilichofungwa kwa leso. Ilikuwa sufuria ndogo yenye kifuniko, na juu yake bakuli langu la bluu. Niligeuza uso. Akasema, kwa Kidawida sasa, "Najua hukufunua."

Nikamgeukia.

"Watoto huulizwa," alisema. "Righa huwauliza watoto. Saru angejua, angesema. Na wewe ningekuambia, ungekubali kwa mdomo na uso ukakataa. Uso wako, Mkawasi, hauna mlango." Akanisogezea sufuria. "Funua."

Nikamwambia mwenye nyumba ndiye anayefunua.

"Ndiyo. Hapa ni kwako."

Ndani kulikuwa na ugali wa manjano na majani ya kunde. Nakumbuka ladha yake, tamu kidogo, na harufu ya gunia, ya meli, ya mbali. Watu walisema yale mahindi ni ya ng'ombe wa Marekani, yanavimbisha tumbo, yanaharibu uzazi, wakasema hivyo wakitafuna. Mimi nililia nikila, naye alinitazama mpaka nilipomaliza, kisha akapanga kuni zake. Kabla hajainuka aliniambia kwamba tusalimiane vibaya barabarani, na kwamba nisijaribu kumnong'oneza mtoto kitu chochote.

Tuliishi hivyo mpaka mwaka ukaisha. Mchana nilipita mbele ya nyumba yake nimetazama upande, na yeye akatema mate, kwa ustadi mkubwa kuliko uliohitajika kwa maoni yangu. Mara moja moja kuni zilipita nyuma ya stoo. Mshahara ulipokuja, umerundikana, nilinunua maharagwe na mafuta Voi nikavificha porini kwenye njia yake ya kuni, maana nikionekana nampa kitu, ningekuwa tena mtu wa mshahara. Chuo cha ualimu kiliponiita, sikumuaga. Kitu kilichonitosha ni kwamba siku niliyoondoka nilimwona Mwakio anakimbiza tairi, nywele zake nyeusi, akianguka na kuinuka na kulia kwa sauti kubwa, sauti ya mtoto mwenye nguvu za kulia.

Miaka mingi baadaye tulikutana sokoni Voi, tukaenda kukaa nyuma ya wauza vitunguu, vikongwe wawili tukijificha kutoka kwa serikali ambayo ilishatusahau. Ikawa mazoea. Nilimwambia mara kadhaa kwamba sasa inatosha, twende nyumbani, nimsalimie Saru. Alikataa. "Watasema nilikula chakula cha serikali kwa uongo," alisema. Nilimwambia hao wote wamekufa. "Mimi sijafa," akasema. Nilichoka kumbishia, tukarudi kwenye mambo ya sukari na magoti.

Basi nikaenda mazishini. Nyumba ilikuwa imejengwa upya kwa matofali, lakini jiko lilikuwa lilelile, ama mtoto wake. Kamati ilikuwa imekopa masufuria makubwa ya kanisa, na kulikuwa na pilau na nyama za kulisha watu ambao, nikiwatazama nguo, wengi hawakuwa wamekula nyama tangu mazishi yaliyotangulia. Mwakio, mtu mnene sasa anayelima matikiti upande wa Taveta, alinikumbatia bila kujua afanye nini na mikono yake. Mama mmoja wa mferejini, bado hai, alinikazia macho akasema, "Si wewe ndiye yule mwalimu wa sufuria?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Na umekuja! Una moyo."

Saru nilimkuta jikoni baada ya watu kupungua, peke yake, amekaa kwenye kigoda cha nyanya yake. Ni nesi katika kliniki moja ya mjini, ana nywele za mvi mbele. Alinitazama kwa macho yale yale, lakini sasa yalikuwa yamechoka. "Mwalimu," akasema, "karibu. Mimi na wewe tumefukuzwa nyumba moja."

Nilimwuliza ana maana gani. Akanieleza akitazama majivu. Ndoa yake ilipovunjika alikuwa amerudi kukaa na nyanya, akienda kazini Voi na kurudi. Mshahara wenyewe hukatwa mikopo na karo mpaka unabaki jina. Kisha zile pesa wanazopewa wazee na serikali zikakoma, na walipouliza wakaambiwa nyumba ina mtu wa mshahara. "Haikupita wiki," Saru alisema, "nikatoka kazini nimechoka, nikamkuta kwenye geti, na majirani. Akanipigia kelele kwamba nimefunua sufuria yake. Mimi, mwalimu! Nimelelewa katika hili jiko. Akaniambia nitoke leo leo. Nikapanga chumba mjini. Sikurudi tena mpaka nilipopigiwa simu ya mauti."

"Alikugombeza kwa lugha gani?" nikauliza.

Aliinua kichwa. "Unasemaje?"

"Kidawida ama Kiswahili?"

Alifikiri. "Kiswahili," akasema polepole. "Hatujawahi kuongea Kiswahili, mimi na yeye." Akanitazama. Nilimwacha afike mwenyewe, kwa sababu mimi nilichukua siku nyingi zaidi kufika. Kisha nikamwambia yote, mferejini, Mzee Righa na swali lake, kuni, bakuli la bluu. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa shahidi, ndiyo maana hakuweza kuambiwa. Alisikiliza ameziba mdomo kwa kiganja.

"Hizo pesa zilirudi?" nikauliza.

"Walisema zitarudi. Hazijarudi hata leo." Halafu akasema, "Kuna mama anayeuza mboga sokoni. Kila Jumamosi alikuwa ananiletea kliniki kisufuria kimefungwa kwa leso. Anasema, kutoka nyumbani. Nilidhani ni matusi. Nilidhani nyanya ananikumbusha lile la sufuria. Nikimwona huyo mama na kifuniko chake tu, damu inachemka. Nilikuwa nampa askari wa geti, mwalimu. Vyote. Sijafunua hata kimoja."

Mama Wakesho hakuwa akipata pesa za wazee, hakuwa akipata za mjukuu, na alikuwa akipika Jumamosi. Chakula hicho alikitoa wapi, na yeye alikula nini, sijui, na nimeamua nisiulize majirani. Nilikasirika pale jikoni, nikamkasirikia hata yeye marehemu, kwa kufanya tena peke yake jambo ambalo lingehitaji maneno mawili. Kisha hasira ikaniisha, maana nimechoka, na maana uso wa Saru pia hauna mlango.

Saru alivuta mkoba wake. "Cha mwisho askari hakuwa zamu," alisema. "Nikakitupa ndani ya friji. Nimekileta leo nikirudishe, sufuria ni ya nyumba." Akakiweka juu ya mafiga, leso na yote, kisha akafungua fundo, akaiondoa leso, akapuliza makaa, akakaa. Tukasikia kimeanza kupata moto. Harufu ilitoka taratibu, mihogo iliyopondwa na mbaazi, imechacha kidogo tu pembeni. Alichukua kitambaa akanisogezea.

"Funua, mwalimu. Wewe ndiye ulimjua."

Nikaurudisha mkono wake mapajani mwake. "Mwenye nyumba ndiye anayefunua," nikamwambia.

Akainama, akafunua, na mvuke ukamfunika uso.